Kwa Shujaa Huenda Kilio: Jamii na Deni la Amani katika Filamu za Kauboi na za Vita za Marekani

1. Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo. Anayejitosa hatarini huwaachia jamaa zake matanga, ilhali aliyejificha hurejea kwake mzima, akaketi barazani na wenziwe na kucheka. Kwa ufasiri huo, shujaa na mwoga ni watu wawili mbalimbali, kila mmoja na nyumba yake, na msikilizaji huachiwa achague nyumba ya kuingia. Linaloachwa kando ni swali la haki. Itakuwaje iwapo kicheko cha nyumba moja kimenunuliwa kwa kilio cha nyumba ya pili? Je, wanaocheka wana deni kwa wanaolia? Na kama deni hilo lipo, hulipwa vipi?

Swali hili ndilo linalozipa uzito filamu kadhaa zilizotengenezwa Marekani baina ya mwaka 1946 na 1992. Filamu hizo, hasa zile za kauboi, zimezoeleka kuchukuliwa kama burudani ya farasi, vumbi na bastola, ambamo mwema humshinda mwovu na pazia likafungwa. Robert Warshow, katika insha yake ya mwaka 1954 kuhusu mtu wa Magharibi ya Marekani, alikuwa miongoni mwa wahakiki wa mwanzo kuonyesha kwamba mhusika huyu ana huzuni isiyolingana na ushindi wake. Makala haya yanaichukua huzuni hiyo kama mahali pa kuanzia. Yanadai kwamba filamu bora za jadi hii hazimtukuzi mtumia nguvu kama inavyodhaniwa. Zinaishtaki jamii inayomtumia kisha ikamfungia mlango, ili ijione kuwa haikuhusika na tendo lililoipa amani. Aidha, makala yanadai kwamba filamu hizo zenyewe hazina usafi kamili, kwa kuwa zipo nyumba za kilio ambazo kamera hazikuingia.

2. Mikono michafu

Max Weber, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1919, aliieleza dola kuwa ni chombo kinachodai kuwa peke yake ndicho chenye haki ya kutumia nguvu katika eneo fulani. Filamu za kauboi huwekwa mahali ambapo dai hilo halijatimia. Nyingi kati yazo husimulia miongo michache iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, katika nyika ambako dola iko njiani, inakuja pamoja na reli, lakini haijafika. Kabla haijafika, lazima mtu aifanye kazi yake bila idhini yake. Ikishafika, haiwezi kumtambua mtu huyo kwa urahisi, maana kumtambua ni kukiri kwamba sheria ilizaliwa na tendo lisilo la kisheria.

Mwanafalsafa Michael Walzer, katika makala yake ya mwaka 1973, aliliita tatizo la jinsi hii kuwa ni la mikono michafu, istilahi inayokumbusha tamthilia ya Jean-Paul Sartre ya mwaka 1948. Kwa mtazamo wa Walzer, yapo matendo ambayo ni ya lazima na bado ni maovu. Ulazima wake hauyatakasi. Kiongozi mwema anayelazimika kuyatenda hutambulikana kwa kuibeba hatia yake badala ya kuikana.

Filamu za kauboi hulichukua tatizo hili na kulibadilisha kwa namna mbili. Kwanza, mtendaji si mtawala. Huwa mgeni, kibarua au mtumishi wa mshahara mdogo, ambaye hana hotuba wala katiba ya kumkinga. Pili, wanaofaidika na tendo lake huonyeshwa kwa karibu, majina yao yakijulikana, wakiwa mezani, kanisani na dukani. Kwa hiyo macho ya mtazamaji huhama kutoka mikono ya mtendaji na kuiangalia mikono ya hao wengine. Ndipo swali la usafi wao linapozuka.

3. Bonde la waliolala: “Shane”

Filamu “Shane” ya mwaka 1953, iliyoelekezwa na George Stevens kutokana na riwaya ya Jack Schaefer, ina kisa chepesi. Mpiga bastola aliyechoshwa na kazi yake anafika katika bonde moja la Wyoming. Anapokewa na mkulima Joe Starrett, mkewe Marian na mtoto wao Joey. Anavua mavazi yake ya safari, ananunua nguo za kazi na kuanza kulima. Pamoja na Starrett wanakata na kung’oa kisiki kikubwa kilichokuwa kimemshinda mwenye shamba kwa muda mrefu, na katika tukio hilo lisilo na maneno mengi mtazamaji anaelewa kwamba mgeni huyu anataka kubaki.

Kinachomzuia ni mgogoro wa ardhi. Mfugaji Ryker anataka kuwafukuza wakulima, na anamkodi mwuaji, Jack Wilson, awatie hofu. Ni muhimu kutambua kwamba filamu haimnyimi Ryker hoja. Anaeleza jinsi yeye na wenzake walivyofika mapema, wakapigana na wenyeji wa nchi hiyo na kuumia, kabla ya walowezi wapya kuja na nyua zao. Hoja hiyo ina dosari kubwa, kwa kuwa Ryker naye alimnyang’anya mwingine. Hata hivyo inamkumbusha mtazamaji kwamba umiliki wa bonde lile umejengwa juu ya nguvu tangu mwanzo, na kwamba wakulima wapole wanaishi juu ya msingi ambao hawakuuchimba wao.

Starrett anapoamua kwenda kupambana na Ryker, Shane anapigana naye na kumpiga kichwani kwa kitako cha bastola hadi anazirai. Kisha anakwenda yeye. Tukio hili ndilo ufunguo wa filamu. Shane hazuii tu kifo cha rafiki yake, bali anauzuia mkono wa rafiki yake usichafuke. Wakati wa risasi mwenye shamba amelala chini, hana fahamu. Baadaye Shane anamwambia Joey kwamba aliyeua hawezi kurudi nyuma, na kwamba amweleze mama yake kuwa bondeni hakuna bunduki tena. Bonde lisilo na bunduki ni bonde la watu waliolala usiku ule. Wataamka asubuhi wakiwa na amani, na hakuna atakayewadai maelezo kuhusu ilivyopatikana.

Stevens hakuwa mgeni wa vita. Aliongoza kikosi cha kupiga filamu cha jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1945 alinasa kwa kamera hali ya kambi ya mateso ya Dachau. Huenda ndiyo sababu risasi katika “Shane” ni chache lakini zina mshindo mkubwa kuliko ilivyokuwa kawaida, na mkulima Torrey anapouawa anarushwa nyuma na kuanguka matopeni kama gunia. Kifo hakipewi urembo wowote. Anayewaondolea wengine mzigo wa kukitenda anaondoka usiku, akiwa na jeraha, akipita makaburini. Mtoto peke yake ndiye anayemwita arudi.

4. Nyota mavumbini: “High Noon”

Ikiwa jamii ya “Shane” ilikuwa imelala, ile ya “High Noon” (1952) iko macho. Katika filamu hii iliyoelekezwa na Fred Zinnemann, Will Kane ni mlinzi wa sheria katika mji wa Hadleyville. Amefunga ndoa asubuhi na anaacha kazi siku hiyo hiyo. Habari inafika kwamba Frank Miller, aliyemtia mbaroni zamani, ameachiliwa na atawasili kwa garimoshi la saa sita mchana, akingojewa na wenzake watatu. Kane anazunguka mji akitafuta wa kusimama naye. Saa za ukutani zinaonyeshwa tena na tena, na muda wa kisa unakaribiana na muda wa kuitazama filamu.

Kila mlango anaobisha una sababu yake. Hakimu aliyemhukumu Miller anaitoa bendera ukutani, anaikusanya mizani ya haki na kuvifunga mzigoni pamoja na virago vyake. Mlinzi mstaafu anasema kazi hiyo humfikisha mtu kwenye kifo cha upweke kwa ajili ya nyota ya bati. Kanisani unazuka mjadala, na mzee mmoja anayeheshimika anamsifu Kane kwa maneno matamu, kisha anamshauri aondoke: mapigano yatawatia hofu matajiri wa kaskazini wanaofikiria kuleta mitaji mjini. Hapa uoga umevaa mavazi ya busara na ya maslahi ya umma. Hakuna anayesema kwamba Kane amekosea. Wanachokataa ni kuwa washiriki.

Anayeshiriki ni Amy, mkewe, mfuasi wa dhehebu la Quaker aliyeapa kutotumia silaha baada ya baba na kaka yake kuuawa kwa risasi. Amy anampiga risasi mmoja wa wahalifu kwa nyuma. Tendo hili limewasumbua wahakiki, kwa kuwa linaonekana kuikejeli imani ya amani. Hata hivyo, ukilitazama kwa jicho la swali la deni, linasema jambo jingine. Mwenye imani ya dhati ndiye pekee anayekubali kuichafua mikono yake, akijua vyema anachokipoteza. Wasio na imani yoyote ya kupoteza ndio wanaobaki safi.

Mwishoni watu wa Hadleyville wanatoka majumbani. Kane anawatazama, anaitupa nyota yake mavumbini bila ya neno, na kuondoka na mkewe. Katika “Shane” mlango ulifungwa na hali ya mambo. Hapa shujaa mwenyewe ndiye anayeufunga, akiwaacha wenye mji ndani na aibu yao. Mwandishi wa filamu, Carl Foreman, aliujua mji wa namna hiyo. Mwaka 1951 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akakataa kuwataja wenzake, akanyimwa kazi Hollywood na kuhamia Uingereza. Howard Hawks aliijibu filamu hiyo kwa “Rio Bravo” (1959), ambamo mlinzi wa sheria hawaombi raia msaada, naye John Wayne aliilaani hadharani kuwa inakwenda kinyume na Umarekani. Ukali wa majibu hayo unaonyesha kwamba shtaka lilikuwa limewafikia waliolengwa.

5. Mlango na mifupa: “The Searchers”

Filamu ya John Ford, “The Searchers” (1956), inaanza na mlango unaofunguliwa na kumalizika na mlango unaofungwa. Ethan Edwards, askari wa upande ulioshindwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, anarudi nyumbani kwa kaka yake huko Texas mwaka 1868. Muda mfupi baadaye Wacomanche wanaivamia nyumba hiyo, wanawaua wenyewe na kumchukua binti mdogo, Debbie. Ethan anamtafuta kwa miaka mingi akiandamana na Martin Pawley, kijana aliyelelewa na jamaa hiyo, ambaye ana damu ya Kicherokee.

Tofauti na Shane na Kane, Ethan hana usafi wa moyo. Anawachukia Wacomanche kiasi cha kuyapiga risasi macho ya maiti, akieleza kwamba kwa imani yao asiye na macho hawezi kuingia katika nchi ya roho, naye hutangatanga milele baina ya pepo. Kadiri miaka inavyopita, inadhihirika kwamba anamtafuta Debbie ili amuue, kwa kuwa amekulia miongoni mwa adui. Mwishowe anamnyanyua mikononi kama alivyomnyanyua utotoni na kumrudisha. Jamaa wanaingia ndani mmoja mmoja. Ethan anabaki nje penye upepo, na mlango unafungwa. Laana aliyoitoa kwa maiti imemrudia mwenyewe.

Katikati ya filamu Bi Jorgensen, jirani aliyempoteza mwanawe, anasema kwamba siku moja nchi hiyo itakuwa mahali pema pa kuishi, ila labda inahitaji kwanza mifupa ya walioitangulia. Ni usemi wenye uchungu na wa kweli. Lakini ni mifupa ya nani? Filamu inatoa jibu kwa kusitasita. Mwanamke wa Kicomanche anayeitwa Look, ambaye Martin alikuwa amemwoa bila ya kufahamu, anakutwa amekufa katika kambi iliyoshambuliwa na askari wa farasi. Martin anauliza kwa nini walimuua mtu asiyemdhuru yeyote. Hakuna anayemjibu, na safari inaendelea. Kabla ya hapo, mwanamke huyo huyo amechekeshewa watazamaji kwa dharau. Hapa filamu inaliona deni, kisha inayaondoa macho.

Historia inayoikaribia filamu hii ina uzito zaidi. Cynthia Ann Parker alichukuliwa na Wacomanche akiwa mtoto huko Texas mwaka 1836, akaolewa na kuzaa kwao, kisha mwaka 1860 akakamatwa tena na kurudishwa kwa jamaa zake weupe. Hakuyazoea maisha hayo hadi kufa kwake, na alitaka kuwarudia wanawe, mmoja wao akiwa Quanah Parker, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa Wacomanche. Kwa Cynthia Ann, mlango uliofungwa ulimfungia ndani. Filamu haimuulizi Debbie kilio chake ni kipi. Shujaa wa filamu za kauboi hubeba hatia ya jamii yake, lakini kilio cha aliyeuawa au kunyang’anywa na jamii hiyo hakina mbebaji.

6. Uongo wenye manufaa: “The Man Who Shot Liberty Valance”

Ford mwenyewe alilirudia swali hili mwaka 1962, akiwa mkongwe, katika “The Man Who Shot Liberty Valance”. Seneta Ransom Stoddard na mkewe Hallie wanashuka kwenye garimoshi katika mji wa Shinbone kumzika mtu asiyejulikana na yeyote kati ya wanahabari wa mji huo, Tom Doniphon. Jeneza ni la mbao duni, na maiti amevuliwa viatu. Stoddard anaamuru arudishiwe. Kisha anasimulia.

Akiwa wakili kijana, aliaminiwa kuwa ndiye aliyemuua jambazi Liberty Valance katika pambano la wazi, na juu ya sifa hiyo akajenga maisha ya siasa: gavana, seneta, balozi. Ukweli ni kwamba Doniphon ndiye aliyefyatua risasi kutoka gizani, akirushiwa bunduki na mtumishi wake, Pompey. Doniphon anamfichulia Stoddard siri hiyo ili wakili akubali kuteuliwa bila ya kuona aibu ya kuua. Anaiita kazi yake kuwa ni mauaji, na anasema anaweza kuishi nayo. Hakuweza. Aliichoma nyumba aliyokuwa akimjengea Hallie, akafa bila ya nyumba wala bastola wala jina.

Mhariri wa gazeti, baada ya kuisikia habari yote, anayachana maandishi. Anaona kwamba hekaya ikishakuwa ukweli wa watu, hekaya ndiyo ya kuchapishwa. Mara nyingi maneno ya mhariri huyo hunukuliwa kana kwamba ni maoni ya Ford. Uamuzi wa mhariri hauwezi kuchukuliwa hivyo, kwa sababu filamu yenyewe imekwisha kufanya kinyume chake: imewaonyesha watazamaji ukweli ambao gazeti limeukataa. Fani ya kazi hii inamkosoa mhusika wake.

Zaidi ya hayo, ndani ya siri ya kwanza imo siri ya pili ambayo hata Stoddard haiungami. Bila ya Pompey, Doniphon asingekuwa na bunduki mkononi. Pompey ni Mmarekani mweusi. Mwenye baa hataki kumhudumia. Raia wanapokusanyika kupiga kura, yeye yuko nje na bunduki akilinda. Katika darasa la Stoddard anaulizwa kuhusu Azimio la Uhuru na analisahau fungu linalosema kwamba watu wote wameumbwa sawa, naye mwalimu anamfariji kwamba wengi hulisahau. Kinaya hicho kilionyeshwa katika sinema miaka miwili kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Doniphon amenyimwa jina lake kwa manufaa ya wote. Pompey hakuwahi kupewa la kunyang’anywa.

7. Mji uitwao Hope

Filamu za vita zilizihamisha hoja hizi kutoka nyika za zamani hadi katika miji ya karne ya ishirini. Mwuaji wa lazima sasa ni askari aliyetumwa na dola yenyewe, hivyo jamii haiwezi kusema kwamba hakutumwa. Inaweza tu kukataa kumwona.

“The Best Years of Our Lives” (1946), iliyoelekezwa na William Wyler, inawafuata wanajeshi watatu wanaorudi mji mmoja. Homer, baharia aliyepoteza mikono, aliigizwa na Harold Russell, aliyepoteza mikono yake kweli mwaka 1944 alipokuwa akifundisha wanajeshi kutumia baruti. Usiku mmoja Homer anampeleka mchumba wake Wilma chumbani na kumwonyesha jinsi anavyovua kulabu zake za chuma na anavyobaki bila ya uwezo wa kufungua mlango. Wilma anatazama, anamfunga vifungo, anamfunika. Katika filamu zote zinazojadiliwa hapa, ni vigumu kupata tukio lingine ambamo deni linalipwa kwa ukamilifu kama huu. Hakuna sifa wala medali, na Wilma hamfanyi Homer kuwa hekaya. Anakubali kuuona mwili uliogharimia amani yake, na kuishi nao nyumba moja.

“First Blood” (1982) ya Ted Kotcheff ni kinyume chake. John Rambo, mkongwe wa Vietnam mwenye nishani ya juu kabisa, anapita kwa miguu katika mji mdogo unaoitwa Hope, yaani Tumaini. Ametoka kumtafuta rafiki wa kikosini na kukuta amekufa kwa saratani iliyotokana na sumu zilizomwagwa vitani. Mkuu wa polisi anampakia garini, anamvusha daraja na kumwambia aendelee na safari yake. Rambo anageuka na kurudi. Kwa hatua hizo chache kanuni nzima ya filamu za kauboi inavunjwa: huyu ni Shane anayekataa kuondoka. Baada ya ghasia zote, anaketi sakafuni na kulia kama mtoto, akisimulia jinsi rafiki yake alivyosambaratishwa na bomu huko Saigon. Methali inatimia herufi kwa herufi, na mwenye kuisikiliza ni kamanda wake peke yake. Katika filamu iliyofuata ya mwaka 1985, Rambo anarudishwa Vietnam kushinda vita vilivyoshindwa. Kilio kilikuwa kimeisumbua nyumba ya kicheko, kikabadilishwa kuwa shangwe.

8. Pingamizi tatu

Mtu anaweza kupinga hoja ya deni kwa njia tatu. Kwanza, atasema kwamba shujaa huondoka kwa hiari yake. Pingamizi hili linasahau kisiki na nguo za kazi za Shane, na nyumba aliyoijenga na kuichoma Doniphon. Nia yao ilikuwa kubaki. Hiari ya mtu aliyekwisha kuelewa kwamba mlango utafungwa ni hiari ya jina tu.

Pili, atasema kwamba jamii ina haki ya kujitenga na wauaji, na hapa ana sehemu ya ukweli. “Unforgiven” ya Clint Eastwood (1992) inaionyesha sehemu hiyo bila ya huruma. William Munny, mwuaji mzee aliyegeuka mfugaji wa nguruwe, anajua kwamba kumuua mtu ni kumpokonya vyote alivyo navyo na vyote ambavyo angekuja kuvipata. Kijana aliyejigamba kuwa mwuaji analia baada ya kuua mara ya kwanza. Mtu wa namna ya Munny, akilewa na kushika bunduki, si wa kukaribishwa mezani. Lakini kumweka mtu mbali si sawa na kumkana. Jamii inaweza kumzuia mwenye mikono michafu asirudie tendo lake, na papo hapo ikakiri kwamba tendo hilo lilitendwa kwa ajili yake.

Tatu, na hili ndilo pingamizi zito, atasema kwamba taifa haliwezi kuishi bila ya hekaya. Stoddard aliifanyia nchi yake mema ya kweli kwa kutumia sifa ya uongo. Kwa nini kuifukua? Jibu limo katika filamu nyingine ya Ford, “Fort Apache” (1948). Kanali Thursday, kwa kiburi na dharau, anawapeleka askari wake kwenye maangamizi mbele ya Waapache aliowavunjia ahadi. Baadaye aliyekuwa msaidizi wake, York, anawaacha wanahabari waamini kwamba ulikuwa ushujaa mkubwa, kisha anavaa kofia na kukiongoza kikosi kipya kwenda vitani. Hiyo ndiyo gharama ya hekaya. Inawafariji waliobaki na kuwaandaa wengine kufa. Kizazi kisichoambiwa amani yake ilipatikana vipi kitadhani kwamba ilipatikana kwa wema mtupu, au kwamba bunduki katika mkono mwema haina madhara. Dhana zote mbili zimewahi kuyapeleka majeshi mbali.

9. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba filamu zilizojadiliwa huongeza kwenye methali ya shujaa na mwoga jambo ambalo ufasiri wa kawaida huliacha: nyumba ya kicheko na nyumba ya kilio zina ukuta mmoja. Wakazi wa Hadleyville, wa bonde la Starrett na wa mji wa Hope hawana hatia ya kufyatua risasi. Hatia yao ni ya kuipokea amani kana kwamba imeota yenyewe. Deni hilo halilipwi kwa kumtukuza mtumia nguvu, kwa sababu kumtukuza ni njia nyingine ya kutomtazama. Hulipwa, kama linalipika, kwa kusema lililotendwa, nani alilitenda, kwa faida ya nani na kwa gharama ya nani. Katika hili la mwisho filamu zenyewe zinabaki na deni kwa Look, kwa Pompey na kwa wote ambao ardhi yao iliitwa nyika tupu ili hadithi iweze kuanza.

Mwishoni mwa filamu ya Liberty Valance, seneta na mkewe wanarudi kwa garimoshi. Mhudumu anawahakikishia kwamba hakuna jema lisilomstahiki mtu aliyemuua Liberty Valance. Stoddard alikuwa amewasha kiberiti ili avute kiko chake, na sasa anakizima. Kabla ya hapo amemuuliza Hallie ni nani aliyeweka ua la mkakati jangwani juu ya jeneza, naye akamjibu kwamba ni yeye. Ni ua lile lile ambalo Doniphon alimletea zamani, lililong’olewa katika ardhi ambayo siku hizo ilikuwa jangwa na sasa ni bustani. Hallie hakupiga hotuba wala hakumwendea mhariri. Alijua bustani ilitoka wapi, akaurudisha ushahidi wake kwa mwenyewe.